Ini linaposahau kuacha kukua: maswali yenu kuhusu saratani ya ini

Daktari alisema saratani ya ini ya baba inasukumwa na protini. Tumemwondolea mayai, maharage na nyama. Tumefanya sawa?

Hapana. Kama daktari wake hakuagiza hivyo, mrudishieni leo. Protini alizozitaja ni zile ambazo seli huzitengeneza yenyewe ili kupokea na kupelekeana taarifa: kua, gawanyika, tulia, kufa. Mayai hayaziwashi. Mgonjwa wa ini hupungukiwa misuli upesi, na kumnyima protini ni kumdhoofisha bure.

Hizo taarifa huharibikaje?

Chukueni beta-katenini. Katika seli iliyotulia, protini hii hutengenezwa na kuvunjwa muda wote. Wenzake, wakiwemo APC na aksini, huikamata, vimeng'enya huibandika alama za fosfati, na beta-katenini yenye alama hizo husagwa. Ishara iitwayo Wnt ikifika kwenye kipokezi kilichoko juu ya seli, ukamataji husimama. Beta-katenini hujaa, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za ukuaji. Ishara ikikoma, usagaji huanza tena.

Kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa wa aina kuu ya saratani ya ini, ile inayoanzia kwenye seli za ini zenyewe, jeni ya beta-katenini imebadilika, mara nyingi herufi moja tu, palepale alama inapobandikwa. Alama haishiki, protini haisagwi, na seli inatii amri ambayo hakuna aliyeitoa.

Kinachoniuma ni kwamba njia hii ni miongoni mwa zile zinazoliwezesha ini kujijenga upya. Panya akikatwa theluthi mbili za ini, hurudi ukubwa wake wa awali kwa wiki moja hadi mbili, kisha ukuaji unakoma. Huko kukoma ndiko saratani inakokupoteza.

Saratani inatokaje ini na kwenda kwingine?

Uvimbe ukikua hukosa oksijeni, nao humwaga protini iitwayo VEGF inayoita mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo huota ovyo na huvuja. Kisha kuna TGF-beta, protini nyingine ya kupeleka taarifa, ambayo mwanzoni huzuia seli zisigawanyike, lakini ugonjwa ukikomaa hugeuka: huzifanya seli ziiachie E-kadherini, protini inayozishikanisha, zibadili umbo na kutambaa. Nyingi huingia kwanza kwenye mishipa ya ini lenyewe. Nje ya ini, mapafu ndiyo huathirika zaidi.

Mume wangu anameza sorafenibu, viganja na nyayo zimekuwa nyekundu na zinachubuka. Aache?

Asiache kimyakimya, dada, wala asivumilie kimyakimya. Apige simu kliniki yake leo. Dawa hiyo, iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani ya ini mwaka 2007, huziba vipokezi vya VEGF na vingine kadhaa, na ngozi isiyo na ugonjwa nayo ina mishipa inayotegemea ishara hizohizo. Mara nyingi daktari hupunguza dozi au huisimamisha kwa muda. Tangu mwaka 2020 upo pia mchanganyiko wa atezolizumabu, inayoamsha kinga ya mwili, na bevasizumabu, inayokamata VEGF yenyewe. Hauwafai wote, hasa wenye hatari ya kutokwa damu, lakini ni haki yenu kuuliza.

Mama ana homa ya ini B lakini kipimo hakikuonyesha makovu. Yuko salama?

Hatari yake ni ndogo kuliko ya mwenye makovu, ila ipo. Virusi hivi hupenyeza vipande vya jeni zao ndani ya jeni za seli za ini, na protini yao moja, HBx, huvuruga ishara nilizoeleza, bila kungoja makovu. Muulizeni daktari wake mambo mawili: je, anahitaji dawa za kufifisha virusi, ambazo hupunguza hatari hiyo? Na je, kwa umri wake na historia ya familia, apigwe ultrasaundi ya ini kila miezi 6? Ninyi watoto pimweni pia, na asiye na virusi wala kinga achanjwe.