Anza na Njaa ya Manowari: Ushauri kwa Wanaochora Meli za Huduma za Kijerumani za Kubuni

Kwenye ngome ya Fort Jesus, Mombasa, kuna mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg na mzinga wa manowari ya Kiingereza Pegasus, ambayo Königsberg iliishambulia na kuizamisha katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Kila mgeni hupiga picha pale, na mimi nilipiga, kisha nikarudi nyumbani Tanga nikaanza kuchora manowari za Kijerumani ambazo hazijapata kuwepo, zenye mizinga mingi kuliko akili. Ilinichukua miaka kadhaa ya kuchora, na miaka mingi zaidi ya kazi ya ukarani wa shehena bandarini, kutambua kwamba meli zilizokuwa zikinivutia kwa kweli ni zile ambazo hazipigwi picha: za makaa, za mafuta, za risasi na za karakana. Makala haya nawaandikia wanaotaka kubuni meli za namna hiyo, na nitayaeleza zaidi kupitia makosa yangu mwenyewe.

Kosa la kwanza ni kuanza na umbo la meli. Meli ya huduma haina maana peke yake; huwapo kwa sababu kuna meli nyingine yenye njaa, kwa hiyo kabla ya kushika penseli jiulize ni manowari ipi inayohudumiwa, inapungukiwa na nini, na iko umbali gani kutoka bandari inayoweza kuipokea. Königsberg ni mfano mzuri kuliko wote ninaoujua. Ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105 na kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) 24 hivi, lakini vita vilipoanza Agosti 1914 haikuwa na bandari ya kuitegemea. Iliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester, ikachukua makaa yake kwenye visiwa vya Khuriya Muriya vya pwani ya Oman, kisha ikaizamisha. Baadaye ikawa inaitegemea Somali, meli ndogo ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyoifuata hadi kwenye delta ya Rufiji. Mitambo ilipoharibika baada ya shambulio la Zanzibar, vipande vilivyohitaji kutengenezwa vilikokotwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha vikarudishwa kwa njia ileile. Novemba 1914 Waingereza waliipiga Somali kwa mizinga ikaungua. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya kuwa ya Denmark na kubeba makaa ya Königsberg pamoja na silaha, ilifukuzwa hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaishia hapo. Silaha nyingi ziliokolewa, lakini makaa hayakufika Rufiji, na tarehe 11 Julai mwaka huo Königsberg ikafikia mwisho wake mtoni.

Njaa yenyewe, basi, ilikuwa ya makaa, na ya fundi mwenye mashine ya kukereza chuma. Kutokana na hayo nikapata meli yangu ya kubuni: meli ya makaa na karakana kwa ajili ya kituo cha Afrika Mashariki, iliyojengwa mwaka 1912.

Hapo likaja swali ambalo wachoraji wengi hulikwepa: nani angelipa? Admirali Tirpitz, mkuu wa ofisi ya wanamaji ya Ujerumani, na ofisi yake walikuwa wakimimina fedha kwenye manowari kubwa za Bahari ya Kaskazini, na kwa upande wa makaa Wajerumani walitegemea mtandao wa mawakala waliokodi meli za biashara vita vinapotokea. Ukichora meli maalumu ya huduma, ya bei kubwa, yenye bendera ya kivita, kwa koloni la mbali la mwaka 1912, umechora kitu ambacho afisa wa hazina wa Berlin angekikataa kabla ya chakula cha mchana. Niliigeuza ikawa meli ya abiria na mizigo ya mwambao yenye ruzuku ya serikali, ambayo mkataba wake unaitaka iwe na karakana ndani na sakafu iliyoimarishwa mahali pa kuweka mizinga miwili. Mabadiliko haya yalinisumbua kwa sababu yalifuta sura ya kivita niliyoipenda, lakini ndiyo yaliyoifanya meli iaminike.

Sasa hesabu, ambayo ni kazi ya kawaida ya karani. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na urefu wa mita 92, upana wa mita 13 na kina cha mita 5 chini ya maji. Pembeni nikaandika kwamba inabeba tani 4,000 za makaa, kwa sababu tu nambari hiyo ilinipendeza. Siku moja mhandisi mstaafu, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliutazama akauliza, "Mwanangu, chuma chake kina uzito gani?" Nilikwenda kupiga hesabu. Meli ya vipimo hivyo, kwa umbo la meli ya mizigo, inasukuma maji ya tani 4,300 hivi kwa jumla, maana yake niliacha tani 300 kwa ajili ya chuma, mitambo, mabwela, maji, chakula na watu wote. Isitoshe, tani moja ya makaa inahitaji nafasi ya mita za ujazo 1.25 au zaidi kidogo, hivyo tani 4,000 zingetaka mita za ujazo 5,000, ilhali falka zangu zote (vyumba vya shehena) kwa pamoja, baada ya kutoa chumba cha mitambo na karakana, zilifika 3,000. Nilishusha shehena hadi tani 1,500. Hesabu hii inachukua robo saa tu, na ninamsihi kila mchoraji aifanye kabla ya kuchora hata dirisha moja.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo hiyo hulifichua, nalo linazitofautisha meli za huduma na nyingine zote: uzito wake hubadilika zikiwa kazini. Meli yangu ikigawa tani 1,000 za makaa inainuka karibu mita nzima, rafadha inaanza kupiga hewa, na kitako kilichokuwa kizito kinakuwa chepesi huku karakana na winchi zikibaki juu. Bila tangi za farumi za kuingiza maji ya bahari, chombo hicho kitayumba kama ngalawa isiyo na mrengu. Kwa hiyo chora matangi hayo hata kama hayaonekani kwa nje, na uchore mistari miwili ya maji, wa meli iliyojaa na wa meli iliyo tupu.

Kuhusu winchi nina maneno mengi, kwa kuwa nimezitazama kwa miaka. Tanga kwa muda mrefu ilikuwa bandari ya matishali: meli inatia nanga majini, tishali linaegeshwa ubavuni, mzigo unashushwa humo, kisha tishali linakokotwa hadi gatini. Nakumbuka meli moja ambayo mkono wa winchi yake ulikuwa mfupi, ukiishia karibu usawa wa ukingo wa sitaha. Kila slingi iliposhuka ilikwaruza ubavu, na makuli wanne walisimama ndani ya tishali wakiivuta kwa kamba ili iangukie ndani, wakipaza sauti kila mara, na kazi ya asubuhi moja ikala siku mbili. Ninapoona mchoro wa meli ya huduma nzuri yenye mikono ya winchi iliyolala kwa mpangilio kama kalamu kwenye kikopo, mimi hupima kwanza ikiwa inafika nje ya ubavu mita nne au tano, kwa maana meli mbili zilizolala ubavu kwa ubavu kwenye mawimbi hazigusani kwa upole, na kati yake lazima kuwe na nafasi ya magogo na kamba za kuzuia kugongana. Pima pia kama unaweza kufungua mfuniko wa falka bila mkono huo kugonga kitu.

Kina cha maji ni fupi kueleza: kama Königsberg, iliyokuwa na kina cha zaidi kidogo ya mita 5, iliweza kuingia Rufiji, basi meli ya kuihudumia isizidi hapo. Rasimu yangu ya pili ilikuwa na mita 6.8, nayo ingebaki nje ya mwamba ikisubiri bamvua. Kwa meli za leo za Ujerumani, kipimo cha kuzingatia ni mfereji wa Kiel, usiopitisha meli ya zaidi ya mita 235 kwa urefu na 32.5 kwa upana, wala mlingoti wa zaidi ya mita 40 juu ya maji.

Wanaochagua kipindi cha Vita vya Pili vya Dunia huichukulia Altmark, meli ya huduma ya Kijerumani ya aina ya Dithmarschen, kama kielelezo, na hawakosei, mradi waelewe sababu ya ukubwa wake. Meli tano za aina hiyo, zenye urefu wa karibu mita 178 na kasi ya noti 21, zilibeba mafuta, risasi na chakula katika chombo kimoja kwa kuwa zilipaswa kukutana na manowari katikati ya Atlantiki, mbali na bandari yoyote rafiki. Kasi hiyo ilitokana na kazi yake. Ukichora meli ya mafuta ya Bahari ya Baltiki yenye noti 21, utaulizwa inamkimbia nani.

Sura ya kiraia nayo ina matokeo yake. Tarehe 29 Machi 2009, katika Ghuba ya Aden, maharamia wa Kisomali waliivamia Spessart, meli ya mafuta ya jeshi la wanamaji la Ujerumani yenye mabaharia raia, wakidhani ni meli ya biashara. Walinzi wa kijeshi waliokuwa ndani walijibu kwa risasi, na maharamia saba wakakamatwa. Tangu niliposoma habari hiyo, kwenye kila meli ya kisasa ninayoibuni huweka chumba cha walinzi na mahali pa bunduki za mashine, hata kama mabaharia wote ni raia.

Majina huharibu kazi nyingi nzuri. Wajerumani wa baada ya vita wamekuwa na utaratibu: meli za mafuta Walchensee na Ammersee zilipewa majina ya maziwa, Rhön na Spessart ya milima, Westerwald na Odenwald za risasi ya misitu na vilima, matenda (meli za kuhudumia manowari ndogo) ya aina ya Elbe ya mito, matagi (meli za kukokota nyingine) ya aina ya Wangerooge ya visiwa, na meli nane za aina ya Lüneburg zilipewa miji ambayo majina yake yote huishia na burg. Meli kubwa Berlin, Frankfurt am Main na Bonn ndizo zilizopewa miji mikubwa. Meli ya mafuta iitwayo Bismarck, niliyoiona kwenye mchoro wa kijana mmoja mwenye kipaji, inamwambia mjuzi kwamba mchoraji alitazama picha tu.

Meli yangu nimeiita Kilwa, jina ambalo kampuni ya wakati ule ingeweza kulikubali bila taabu, kwani Somali na Tabora zilikuwa tayari baharini. Bado haijakamilika. Jana usiku nimeifuta dohani kwa mara ya tatu, kwa kuwa falka ya tezi ikifunguliwa mkono wa winchi unaigonga, na nikiisogeza mbele zaidi inaingia juu ya karakana, mahali ambapo fundi anahitaji dirisha la paa ili apate mwanga wa kukereza chuma.