Diski Inapogonga Wakati Kompyuta Imetulia

Nina duka la kutengeneza kompyuta hapa Kondele, Kisumu, na wateja wengi hawaniambii mashine imeharibika. Wananiambia inagonga. Mtu ameiacha laptopu mezani, hagusi chochote, mara anasikia tk, tk, tk chini ya kibodi. Kila anayeniuliza namwambia kwanza anakili kazi zake kwenye flashi au diski ya nje, akianza na zile asizoweza kuzipata tena popote. Chanzo cha mlio kitatafutwa baadaye.

Ukishanakili, sikiliza. Ndani ya diski ngumu mna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika kwenye laptopu na 7,200 kwenye kompyuta za mezani, huku vichwa vya kusomea vikielea juu yake bila kuzigusa. Wewe ukipumzika, Windows haipumziki: inapanga faharasa ya faili, inasaka virusi, inapakua masasisho. Hata diski yenyewe hujikagua ikiona haina kazi. Sauti yake huwa ya kukwaruza kwa chini na haina mpangilio, kama kuku wanaochakura nyuma ya nyumba. Fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi, utazame safu ya diski. Ukikuta kuna programu inayoitumia, usiihangaikie, iache imalize.

Ule mlio mmoja mkavu unaokuja diski ikikaa kidogo bila kazi ni vichwa vinavyorudi kwenye maegesho yake. Diski za zamani za WD Green, za kampuni ya Western Digital, zilifanya hivyo baada ya sekunde 8 tu. Mlio huo hauna hatari ya papo hapo, ila kila kuegesha kunahesabiwa, na diski nyingi zimekadiriwa kuhimili mara 300,000 au 600,000. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha hesabu hiyo kwenye mstari wa C1. Weka tarakimu katika desimali kwanza, yaani namba za kawaida, la sivyo utasoma kitu usichokielewa. Ukiwa hapo, tazama pia mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu za diski. Hiyo ndiyo ninayoiamini kuliko sikio langu. Ikiwa si sufuri, na hasa ikiwa inaongezeka kila ukitazama, anza kutafuta diski nyingine.

Halafu kuna stima yetu. Mwalimu mmoja wa Ahero aliniletea kompyuta ya mezani yenye alama za wanafunzi wake, akiwa na hakika kwamba diski inakufa. Nilipoiwasha dukani iligonga mara moja, sahani zikapunguza kasi, kisha zikaanza kuzunguka upya. "Fundi, hata wakati siitumii inafanya hivyo," akaniambia. Nikaichomoa ile diski na kuiunganisha kwenye mashine yangu. Kimya. Mistari yote mitatu ilikuwa sufuri. Iliyochoka ilikuwa pawa saplai, kile kifaa kinachoilisha kompyuta umeme: umeme ukishuka, diski hurudisha vichwa kwa dharura, na huo ndio mlio aliokuwa akiusikia. Tulibadilisha pawa saplai, diski yake ikabaki. Kwa laptopu jaribio ni rahisi zaidi: chomoa chaja, tumia betri, usikie kama mlio unaendelea.

Mlio ninaouogopa ni wa mapigo ya kufuatana: tk-tk-tk, kimya, kisha tena tk-tk-tk, huku mashine imeganda au haiioni diski kabisa. Kichwa kinatafuta alama zake kwenye sahani, kinazikosa, kinarudi kuanza upya. Hapo zima mara moja, na tafadhali usiwashe tena "ili tuone". Kichwa kilichoharibika kinaweza kuikwaruza sahani, na utando wake ukishatoka, kilichoandikwa pale hakuna fundi wa kukirudisha.

Usiigonge, usiitie kwenye friza, wala usikubali mtu aifungue kwa bisibisi mezani, hata akiwa mimi. Vumbi la Kondele likiingia mle ndani, vichwa vitaligonga. Kazi hiyo hufanywa katika chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa, kwa hiyo pima kwanza thamani ya faili zako.

Ikiwa tayari una nakala, weka SSD, diski inayohifadhi kazi zako kwenye chipu badala ya sahani. Haina kinachozunguka, na laptopu ya mtumba itakuwa na kasi ya ajabu. Lakini ikiharibika haigongi kukuonya, kwa hiyo endelea kunakili.