Kama whisky zote zinakuchoma tu, anza na pua

Ndugu wa Bukavu, umesema una Jameson, Jack Daniel's na Black Label, umeonja zote jioni moja, na barafu na brosheti (mishikaki) ya pilipili, ukasikia moto tu. Ulimi wako hauna shida. Hiyo barafu na hiyo pilipili ndizo zilizokuharibia.

Barafu inaficha harufu, iache. Mimina vifuniko viwili tu vya chupa katika glasi yenye mdomo mwembamba, unuse huku mdomo ukiwa wazi kidogo, halafu dondosha maji kidogo na unuse tena. Hapo ndipo mambo yanaanza! Jameson itangulie: ni ya Ireland, inakenekwa (inachemshwa na mvuke wake kukusanywa) mara tatu, laini. Kisha Jack Daniel's, mahindi mengi na pipa jipya lililochomwa ndani, utafute vanila na ndizi iliyoiva sana. Black Label iwe ya mwisho kwa sababu ya moshi wake. Mimi niliwahi kuanza na ya moshi, zilizofuata zikawa kama maji ya kuoshea sufuria.

Kati ya whisky moja na nyingine, maji na kipande cha mkate. Mwambie mtu apange glasi usione chupa, maana jicho linapenda bei.

Ukinunua, chupa yenye kifuniko kilichofunguliwa, au ya bei ya kushangaza, usiiguse: huenda ni ya bandia, yenye sumu. Na ukinywa kitu, hata kesho yake, macho yakaanza kuona ukungu, usilale: kimbia hospitali. Ukiwa na dawa unazomeza, muulize daktari kwanza. Pikipiki ibaki nyumbani.