Soma Juu Kwanza Kabla ya Kutupa Utani wa Siasa

"Wadau, mzee amelazwa tena. Tunasubiri vipimo."

Ujumbe huo wa rafiki yangu uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp saa 3:12 usiku. Saa 3:14 nikatuma wangu, nikimtania mtu huyohuyo: "Naona mko mahututi. Bado kuchomolewa mashine tu."

Ulikuwa usiku wa kuhesabu kura. Matokeo yalikuwa yanaingia jimbo kwa jimbo, chama chake kinazidi kuachwa nyuma, na mimi na yeye tumetaniana hivyo tangu tuko shule. Ujumbe wake sikuuona. Meseji zilikuwa zinapita kama maji, nami macho yangu yalikuwa kwenye herufi nilizokuwa naandika. Watu 11 wakabonyeza emoji ya kucheka hadi machozi. Dakika chache baadaye akajitoa kundini. Tangu 2022 WhatsApp haimtangazii kila mtu kwamba fulani ameondoka, taarifa huwafikia maadmini tu. Mimi ni mmoja wa maadmini, kwa hiyo niliona. Ndipo nikapandisha juu kutafuta kilichotokea, nikakuta ujumbe wake kuhusu mzee, baba yake, na chini yake wa kwangu.

Tulikaa miezi saba bila kusemezana. Ninachoandika hapa nimejifunza ndani ya miezi hiyo, na nakiandika kwa ajili yako uliye kwenye kundi kama letu, ambapo asubuhi watu wanasalimiana, mchana wanabishana kuhusu bajeti, jioni mmoja anaomba ushauri wa mtoto asiyelala, na usiku siasa inawaka tena.

La kwanza ni dogo na ndilo ninalolishikilia kuliko yote: kabla ya kutuma utani, pandisha hadi ujumbe wa mwisho uliousoma, kisha ushuke ukisoma. Usiku wa moto kundi la watu mia na kitu linaweza kumwaga meseji arobaini wakati wewe unaandika sentensi moja. Ulichokuwa unakijibu kimeshapita, na kilichokaa juu ya ujumbe wako sasa ni kitu kingine kabisa. Msomaji hajui ulikuwa unamjibu nani. Anasoma kwa mfuatano anaouona. Kwa hiyo kama huwezi kupandisha, angalau buruta ule ujumbe unaoujibu ili unukuliwe juu ya wa kwako. Ningefanya hivyo tu usiku ule, angejua nilikuwa najibu majigambo yake ya saa mbili na nusu.

Halafu kuna ile "mko". Nimeirudia sentensi yangu mara nyingi sana, na kila mara naishia kwenye neno hilo. Ningeandika "chama kiko mahututi", ingekuwa nzito bado kwa mtu aliye kwenye benchi la hospitali, lakini ingeonekana wazi nazungumzia nini. "Mko" ilimzoa yeye, na chama chake, na baba yake aliyekuwa kitandani. Lugha yetu inatupa njia nyepesi ya kumtenga mtu na kile anachokishabikia, tena kwa silabi moja. Chama kimechoka. Serikali imelala. Upinzani umepotea njia. Hayo yote unaweza kuyasema mbele ya shabiki mkubwa wa chama hicho na akakujibu kwa mapigo yaleyale, mkacheka wote. Ukishaingia kwenye "nyinyi watu", "nyie ndivyo mlivyo", "mmezoea kuiba", hapo hubishani tena kuhusu siasa. Unamwambia mwenzako yeye ni nani. Nimesoma magomvi mengi ya kundi letu nikitafuta mahali yalipogeukia, na mara nyingi sana nimekuta ni pale mtu alipotoka kwenye "kime" akaingia kwenye "mme".

Sisemi watu waache kutaniana. Utani wa siasa unatufanya tuyamudu mambo ambayo yangetulemea, na mtu anayenitania kwa chama changu kushindwa amenipa heshima ya kuniona kama mwenzake. Nasema tu kwamba maandishi yanaubeba utani vibaya. Sauti haipo, uso haupo, na mwandishi hajui kwamba havipo kwa sababu yeye kichwani anavisikia. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti wao kuhusu barua pepe. Waliotuma ujumbe wa kejeli na wa kawaida waliamini wasomaji wangetambua upi ni upi karibu mara nne katika kila tano. Wasomaji walipatia kidogo tu zaidi ya nusu, yaani karibu sawa na kubahatisha.

Hata zile alama za uso tunazozitumia zilizaliwa kwa ajali ya aina hii. Mwaka 1982, kwenye ubao wa ujumbe wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, watu walikuwa wanataniana kuhusu zebaki iliyomwagika ndani ya lifti, na utani ukaanza kuchukuliwa kuwa onyo la kweli. Tarehe 19 Septemba Scott Fahlman akapendekeza wanaotania waweke nukta mbili, kistari na mabano ili ijulikane. Ni msaada mzuri na natumia kila siku. Ila emoji inamwambia mwenzako kwamba wewe unacheka. Hali aliyo nayo yeye bado huijui, na hiyo utaijua kwa kusoma alichoandika.

Sasa niseme kuhusu kosa ambalo tulilifanya kama kundi, maana naliona likirudiwa kila mahali. Baada ya rafiki yangu kuondoka, wengi walisema tatizo ni kuchanganya mambo. Tugawe, wakasema: kundi moja la siasa na habari, jingine la salamu, misiba, harusi na mambo ya nyumbani. Ilionekana ni busara, nami nikakubali. Tukaanzisha la pili.

Ndani ya wiki chache kundi la siasa likawa halikaliki. Watu walewale, waliosoma pamoja, wakawa wanatukanana kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Nilichukua muda kuelewa. Kwenye kundi la zamani, yule aliyekupinga saa nne asubuhi kuhusu mikopo ya serikali ndiye aliyekuwa ameandika saa mbili kwamba mwanawe ameanza kutembea. Ulimpinga ukiwa unamwona. Kwenye kundi jipya hakuwa na mtoto, hakuwa na mgongo unaouma, hakuwa na mvua iliyomnyeshea njiani. Alibaki kuwa msimamo tu, na msimamo hauna uso wa kuuonea haya. Na lile la salamu lilikufa kwa njia yake: "amina", "pole", "hongera", picha za maua, kisha kimya.

Tukarudi kwenye moja baada ya miezi miwili hivi. Tangu hapo kila mtu anayeniuliza kuhusu kuendesha kundi namwambia asiufukuze umbea mdogomdogo wa maisha kwa kisingizio kwamba kundi ni la hoja nzito. Mtu anayeandika kwamba amelala vibaya, au amepata dereva mwema, au mboga zake zimeota, anawekea akiba siku ambayo mtabishana naye. Mjibuni.

Kuna na suala la fowadi, ambalo nitalipitia kwa haraka. Ujumbe wenye mishale miwili juu yake umeshasambazwa mara nyingi kabla ya kukufikia, na tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe kama huo kutumwa kwenye zaidi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ukiuona huo mshale pacha, chukulia kwamba aliyeuleta hakuuandika na pengine hakuuchunguza. Picha ya kweli nayo inaweza kubeba uongo. Ile ya papa anayeogelea barabarani kwenye mafuriko imetembea duniani tangu 2011 na kuibuka tena karibu kila kimbunga kikubwa. Papa mwenyewe ni wa kweli, alipigwa picha na Thomas Peschak mwaka 2003 akiwa nyuma ya mtumbwi mdogo baharini, kisha mtu akamkata na kumbandika barabarani. Sekunde chache za kuitafuta picha kwa picha kwenye Google zinatosha kuona hivyo.

Ninalotaka ulishike hapo ni namna ya kumsahihisha mwenzako. Nenda faraghani. "Kaka, hii nimeiangalia nimeona ni ya zamani, hebu itazame hapa." Mara zote nilizofanya hivyo, isipokuwa mbili tatu, mtu alishukuru na kuufuta mwenyewe, na ana zaidi kidogo ya siku mbili za kuufuta kwa wote. Nilipowasahihisha mbele ya watu walileta fowadi nyingine tatu za kuitetea ile ya kwanza. Mzee wa miaka sitini aliyetuma kwa nia ya kuwaonya watoto wake hastahili kuchekwa na watu 140.

Turudi kwa rafiki yangu. Usiku uleule nilimwandikia ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Nilieleza kwamba sikuona, kwamba nilikuwa nataniana, kwamba ananijua. Tiki mbili za bluu zikatokea, jibu halikuja. Nikaandika mwingine baada ya wiki. Sasa nikizisoma naona zote mbili zilikuwa zinanizungumzia mimi: nia yangu, mshtuko wangu, usingizi wangu uliopotea. Hakuna mahali nilipouliza mzee anaendeleaje.

Niliogopa kupiga simu, na kwa hilo najuta zaidi kuliko utani wenyewe. Nilipiga baada ya miezi saba. Alipokea. Nikamuuliza kuhusu baba yake, akanieleza kwa utulivu: alikaa wodini siku 19, akatoka, sasa anatembea kwa fimbo. Ndipo akasema, na nayakumbuka maneno yake neno kwa neno: "Wewe nilijua hukuona. Kilichoniuma, watu kumi na mmoja walicheka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza amelazwa wapi."

Kwa hiyo kama umemuumiza mtu kundini, usiandike. Piga, na kama hapokei tuma sauti yako, uanze na habari zake. Usisubiri wiki. Na omba radhi kundini pia, kwa sababu waliocheka nao walikuwepo. Sentensi mbili zinatosha, bila maelezo ya nia.

Alirudi kundini wiki iliyofuata. Tukakubaliana kitu kimoja kama maadmini, naye akawa mmoja wetu: mtu akileta jambo la nyumbani katikati ya mjadala mkali, kundi linafungwa kwa muda ili maadmini tu waweze kuandika, na ujumbe wake unabandikwa juu kila mtu auone.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye kodi. Mjadala ulikuwa mzuri, wenye takwimu na hasira, watu watano wanaandika kwa pamoja. Katikati, dada mmoja akaandika: "Leo nimepewa barua. Kazi imeisha." Meseji nne za kodi zikapita juu yake kabla sijashika simu. Rafiki yangu alikuwa ameshafunga kundi. Aliandika mstari mmoja, "Mpigieni dada yetu kwanza," kisha yeye mwenyewe akawa wa kwanza kumpigia, ingawa wiki nzima walikuwa wameshikana kooni kuhusu chama chake. Tulifungua baada ya dakika ishirini. Wawili walikuwa wameshamwomba awatumie wasifu wake wa kazi, na hoja ya kodi ilikuwa bado ipo palepale tulipoiacha.