Jibu: Chakula cha usiku karibu na Gare du Nord

Mkuu, umeuliza kama brasserie (migahawa ya Kifaransa) za karibu na stesheni ya treni ya Gare du Nord, Paris, zinafaa kumtoa shemeji usiku. Mimi niliingia moja, jina naliacha. Vioo na taa safi sana, ila supu ya vitunguu ilikuja vuguvugu, jibini limeganda juu kama plastiki, chini maji ya chumvi tu. Nyama niliomba iive kabisa, ikaja inavuja damu, na mhudumu akanuna yeye! Chipsi hazikuwa na neno.

Ukienda, omba "carafe d'eau", maji ya bomba ya bure, la sivyo unaletewa chupa ya kulipia. Bakshishi isikusumbue, huduma imo kwenye bei. Ila shemeji ningempeleka mitaa ya ndani, penye menyu fupi iliyoandikwa kwa chaki ubaoni.