Muulize Fundi: Betri inakufa kila mbalamwezi

SWALI: Fundi, salaam. Nina Probox ya kubebea dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi hadi sokoni Mwanga. Siku za kazi inawaka vizuri. Mbalamwezi ikiingia na wavuvi wakapumzika, naiegesha siku tano hivi. Nikiirudia, stata inalia tik-tik-tik tu na taa za dashibodi zinafifia, mpaka vijana wanibustie. Mwaka huu nimeshanunua betri mbili, na fundi wa hapa jirani anasema ninunue ya tatu. Nauziwa betri mbovu? – Mama wa dagaa, Katubuka

JIBU: Mama, pole sana, na tafadhali usinunue ya tatu. Inaniuma kuona hela ya dagaa inaishia kwenye betri wakati hakuna aliyeshika mita akapima.

Umeshanieleza dalili yenyewe: gari linakufa likiegeshwa. Altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, ingekuwa imegoma, ungekwama siku za kazi, mzigo ukiwa ndani. Nashuku kuna kitu kinanyonya umeme usiku na mchana, ufunguo ukiwa kwenye pochi yako.

Kwanza betri ichajiwe polepole, ampea 4 au 5 usiku kucha, kisha ipumzike saa kadhaa. Ikiwa nzima itasoma volti 12.6 hivi. Washa injini: isome kati ya 13.8 na 14.4. Hapo altaneta imejitetea.

Sasa tafuteni mnyonyaji. Zima gari, funga milango, fungua waya wa hasi kwa spana namba 10, kisha mita iwekwe kwenye ampea, katikati ya betri na waya huo. Mtu yeyote asiguse ufunguo, maana stata huvuta zaidi ya ampea 100 na mita itaungua. Subirini nusu saa, kwa sababu vifaa vingine huchelewa kulala. Gari lisilo na kasoro halizidi ampea 0.05.

Piga hesabu uone. Tuseme zinanyonywa ampea 0.3: kwa saa 24 ni saa-ampea 7.2, kwa siku tano ni 36. Betri yako ikiwa ya saa-ampea 45, imebaki nini cha kuzungusha stata?

Mita ikisoma juu, chomoeni fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Niliwahi kuchomoa ya redio nikaona 0.32 ikianguka hadi 0.03. Nyuma ya redio, aliyeifunga alikuwa ameunganisha waya mwekundu na wa njano pamoja, kavisokota na kuvizungushia selotepu. Wa njano hupata moto muda wote. Mwekundu unatakiwa upate moto ufunguo ukiwashwa tu. Nilivitenganisha, kazi ikaisha. Fyuzi zote zikichomolewa na namba isishuke, angalieni waya mnene wa altaneta: dayodi ya ndani yake, inayozuia umeme usirudi nyuma, ikifa huvujisha.

Betri yako ya sasa inaweza kuwa imeumia, kwani betri ya gari haivumilii kuishiwa kabisa mara kwa mara. Ichaji, iache siku moja bila kuunganishwa. Ikishuka chini ya 12.4, hapo ndipo ununue, lakini baada ya kuziba uvujaji.

Mpaka hapo, kila unapoiegesha kwa mbalamwezi, fungua waya wa hasi, ule wenye alama ya kutoa. Saa ya gari na stesheni za redio zitapotea. Utaziweka upya wavuvi wakirudi majini.