Gemu inakwamakwama baada ya nusu saa: usikimbilie kadi mpya

Mkuu, unasema gemu kwenye kompyuta yako inaanza vizuri, ikifika dakika ya 30 inakwamakwama, na unataka kununua kadi mpya ya grafiki. Subiri kwanza. Kadi dhaifu husumbua tangu mwanzo. Kinachochelewa namna hii mara nyingi ni joto. Washa programu ya kupima joto, cheza, kisha angalia: prosesa ikigonga nyuzi 95 hadi 100 huku kasi yake ikiporomoka, mchawi umeshampata.

Zima, chomoa umeme, fungua ubavu wa kasha. Zuia feni kwa kidole isizunguke ndipo upulize vumbi kwenye mapezi ya kipozeo. Pesti (ile krimu iliyo kati ya prosesa na kipozeo) ikiwa imekauka, toa kipozeo, ifute kwa spiriti, weka tone la ukubwa wa punje ya njegere (ukijaza inamwagika pembeni tu, haipoozi zaidi). Rudisha kipozeo, kaza skrubu kwa mkingamo (pembe moja kisha ya upande wa pili), kidogo kidogo, la sivyo kipozeo kitakaa upande.

Joto likiwa sawa, tazama RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Gemu nyingine huila taratibu, na ikijaa Windows huanza kuhamishia data kwenye diski. Kama diski yako bado ni ile ya kuzunguka (HDD), ambayo ni ya polepole, hapo ndipo picha inaganda. Funga brauza, ujaribu tena.